Mtoro na Serikali Mbili

Kiswahili kimezipa sehemu 50 za Marekani jina la majimbo, na jina hilo limeshazoeleka hata haliulizwi tena. Lakini msomaji wa Unguja au Pemba asikiapo neno jimbo, humjia akilini eneo la uchaguzi, mahali anapotoka mwakilishi wa Barazani. Na msomaji wa Kenya aliyekula chumvi nyingi hukumbuka siasa za majimbo za mwaka 1963. Katika maana zote mbili jimbo ni kipande: kizima kilikuwapo, kikakatwa. Huko Marekani mambo yalikwenda kinyume. Vipande ndivyo vilivyotangulia. Makoloni 13 yalipojitangazia uhuru mwaka 1776, kila moja lilijihesabu kuwa dola, likawa na mahakama zake, wanamgambo wake na sheria zake. Kisha mwaka 1787 wajumbe wao wakakaa Philadelphia na kuandika katiba ya kuunda serikali moja juu yao. Mfasiri angeandika "dola" badala ya "jimbo" angekuwa karibu zaidi na ukweli wa mwanzo, ila neno hilo linagongana na jina la sarafu yao, na msomaji wa leo angepotea njia. Basi jimbo na libaki, maadamu inaeleweka kwamba ni jimbo lenye kumbukumbu ya udola.

Kumbukumbu hiyo ndiyo mzizi wa fitina. Ibara ya 6 ya katiba ile yasema kwamba katiba yenyewe, na sheria zitungwazo kwa mujibu wake, ndizo sheria kuu za nchi, na kwamba mahakimu wa kila jimbo wamefungwa nazo. Rekebisho la 10, lililothibitishwa mwaka 1791, lasema kwamba mamlaka ambayo shirikisho halikukabidhiwa, wala majimbo hayakukatazwa, yamebaki kwa majimbo au kwa watu wenyewe. Kila kauli ukiisoma peke yake haina tabu. Ukizisoma pamoja, lipo swali ambalo hazikulijibu: ni nani atakayeamua kwamba sheria fulani imetungwa kwa mujibu wa katiba au kinyume chake? Wanachuoni wamejaza maktaba kwa swali hilo, na wengi wao huliandika kana kwamba ni hesabu ya mirathi, huyu apewe thumni na yule apewe sudusi. Afadhali litazamwe kupitia kwa mtu mmoja.

Mtu huyo ni Joshua Glover, mtumwa wa mkulima aitwaye Garland karibu na St. Louis, katika jimbo la Missouri. Mwaka 1852 Glover alitoroka akaelekea kaskazini, hata akafika Racine, mji wa bandari kando ya Ziwa Michigan, jimbo la Wisconsin, ambako utumwa haukuruhusiwa. Akapata kazi katika kiwanda cha kupasulia mbao, akapata na kibanda cha kulala.

Pwani ya Waswahili ililijua neno mtoro kabla halijawa jina la mwanafunzi anayekwepa darasa. Mtoro alikuwa mtumwa aliyemkimbia bwana wake, na walikuwapo watoro waliojijengea vijiji vyao bara, nyuma ya Malindi na Mombasa. Alichokihofia mtoro wa pwani ni bunduki za waliomfuata. Mtoro wa Marekani alihofia bunduki na karatasi pia, na karatasi ilikwenda mbali zaidi. Ibara ya 4 ya katiba iliagiza kwamba mtu aliyefungwa na utumishi katika jimbo moja, akikimbilia jimbo jingine, arejeshwe kwa mwenye haki ya utumishi huo. (Neno mtumwa halikuandikwa, waandishi wa katiba walilionea haya neno, hawakukionea haya kitu chenyewe.) Tarehe 18 Septemba 1850 likatiwa meno: ikapitishwa sheria ya shirikisho iliyompa kamishna mamlaka ya kumkabidhi mtu kwa anayedai kuwa bwana wake, ilhali mtuhumiwa mwenyewe hakuruhusiwa kutoa ushahidi. Kamishna aliyemrejesha mtu utumwani alilipwa dola 10. Aliyemwachia huru alilipwa 5. Watetezi wa sheria walieleza kwamba kurejesha kulihitaji kazi zaidi ya uandishi. Raia aliyemsaidia mtoro alikabiliwa na faini ya hadi dola 1,000 na kifungo cha hadi miezi sita, na raia yeyote aliyekuwa karibu angeweza kuamrishwa ashiriki kumkamata.

Isidhaniwe kwamba majimbo ya kaskazini yalikuwa na mikono safi. Kile kitambaa cha merikani kilichovaliwa Unguja na kubebwa mizigo kwa mizigo hadi bara katika karne ya 19 kilifumwa kwa wingi Massachusetts, na pamba yake ilichumwa na watumwa wa kusini. Na ni Massachusetts hiyohiyo iliyotunga sheria mwaka 1843 ya kuwakataza maofisa wake kushiriki kuwakamata watoro. Vitu viwili hivyo vilitoka mahali pamoja, pengine hata mikono ileile iliyohesabu faida ya pamba ndiyo iliyoinuka kupiga kura.

Usiku wa tarehe 10 Machi 1854 Glover alikuwa akicheza karata na wenzake kibandani. Mlango ukagongwa, ukafunguliwa, wakaingia Garland na askari wa mahakama ya shirikisho. Alipigwa, akatiwa pingu, akatupwa katika gari la farasi na kupelekwa Milwaukee usiku kucha, na asubuhi alikuwa ndani ya gereza la wilaya, nguo zimeganda damu. Gereza lile halikuwa la shirikisho. Lilikuwa mali ya wenyeji, na serikali kuu ililitumia kwa kuwa haikuwa na lake mjini hapo.

Habari zikafika Racine. Watu wakakusanyika uwanjani mbele ya mahakama wakapitisha azimio kwamba sheria ile ya mwaka 1850 ni aibu, na kwamba wao wameifuta. Mkutano wa hadhara wa mji mmoja umeifuta sheria ya Bunge la nchi nzima! Mwanasheria atacheka, na ana haki ya kucheka. Lakini watu kama 100 kati yao walipanda meli ya moshi mchana huo kwenda Milwaukee, na mkuu wa polisi wa wilaya yao alikuwa pamoja nao, ana hati ya kumkamata Garland kwa kosa la kumpiga mtu. Hakimu mmoja wa wilaya akatoa amri kwamba mfungwa aletwe mbele yake ili ichunguzwe kama amefungwa kwa haki. Hakimu wa shirikisho akajibu kwamba amri hiyo haimlazimu mtu aliyemshika mfungwa kwa sheria ya shirikisho. Basi jioni ile mbele ya gereza moja zilikuwapo hati za serikali mbili, kila moja imetiwa sahihi na hakimu halali, kila moja inaikana nyenziwe, na ndani yumo mtu mmoja anayetoka damu. Yapata saa kumi na mbili watu wakachukua boriti wakauvunja mlango.

Glover alitoroshwa usiku huo hadi Waukesha, akafichwa nyumba hadi nyumba, na baada ya wiki kadhaa akapakiwa chomboni kwenda Kanada. Hapo habari yake na sheria za Marekani ilikwisha. Habari ya waliomfungulia mlango ndiyo kwanza ilianza.

Aliyebebeshwa lawama ni Sherman Booth, mhariri wa gazeti la kupinga utumwa mjini Milwaukee, aliyesemekana kupita mitaani juu ya farasi akiwaita watu. Mwenyewe alikana kwamba aliwahimiza kuvunja mlango. Alikamatwa kwa sheria ya mwaka 1850. Wakili wake, Byron Paine, alikuwa kijana ambaye hakuwa hata na miaka 30, naye hakwenda kwa hakimu wa shirikisho. Alikwenda kwa Abram Smith, hakimu wa Mahakama ya Juu ya Wisconsin, akaomba mteja wake afunguliwe kwa sababu sheria iliyomfunga si sheria. Mtu ananyimwa uhuru wake, alisema, bila ya kusikilizwa na juri, yaani raia wenzake wa kumhukumu, na Bunge la shirikisho halikupewa na katiba uwezo wa kutunga jambo hilo. Smith akakubali. Mwezi Julai 1854 mahakama nzima ya Wisconsin ikamuunga mkono. Mapema mwaka 1855 mahakama ya shirikisho ikamhukumu Booth kifungo cha mwezi mmoja na faini ya dola 1,000. Mahakama ya Wisconsin ikamtoa tena. Mahakama ya Juu ya shirikisho huko Washington ikataka ipelekewe kumbukumbu za kesi. Mahakimu wa Wisconsin wakamwagiza karani wao asijibu.

Haifai kumfanya Booth walii. Mwaka 1859 alishitakiwa kwa kumharibu binti wa miaka 14 aliyekuwa akisaidia kulea nyumbani kwake, na kesi ikaisha bila ya juri kuafikiana. Wako waliomwacha mkono tangu hapo, na si kwa sababu ya siasa. Mlango uliofunguliwa Milwaukee ulikuwa mlango wa haki. Waliosimama mbele yake walikuwa watu tu.

Tarehe 7 Machi 1859 Mahakama ya Juu ya shirikisho ilitoa hukumu, kwa kauli moja, na aliyeiandika ni Jaji Mkuu Roger Taney. Ni Taney huyohuyo ambaye miaka miwili nyuma, katika kesi ya Dred Scott, aliandika kwamba mtu mweusi hawezi kuwa raia wa Marekani. Msomaji angetamani hukumu ya pili iwe dhaifu kama ile ya kwanza ilivyokuwa mbovu. Haikuwa dhaifu. Taney alihoji: ikiwa hakimu wa jimbo aweza kumfungua mtu aliyefungwa na mahakama ya shirikisho, basi hakimu wa kila jimbo aweza, na yalikuwapo majimbo 33 wakati ule. Sheria moja ingekuwa na maana 33, jambo likawa kosa huku na halali kule, na katiba iliyoandikwa ili kuondoa ugomvi ingekuwa ndiyo chanzo chake. Kwa hoja tupu, Taney alishinda. Ubaya ni kwamba hoja ilitumwa kazi ya kumtia mtu pingu.

Wisconsin haikunyamaza. Mwezi uleule baraza la kutunga sheria la jimbo lilipitisha azimio la kuikaidi hukumu ile waziwazi, kwa kuwa majimbo ndiyo yaliyoiunda serikali kuu nayo ndiyo yenye haki ya kuamua kama imevuka mpaka. Maneno ya azimio hilo hayakuwa mapya. Yalichukuliwa kutoka maazimio ya Kentucky ya mwaka 1798, yaliyoandikwa na Thomas Jefferson, mwenye watumwa. Na fikra hiyohiyo ndiyo iliyotumiwa na South Carolina mwaka 1832 kutangaza kuwa batili ushuru wa forodha wa shirikisho, wakati ambapo wengi waliamini kwamba ushuru ulikuwa kisingizio tu, na kinacholindwa ni utumwa. Wapinga utumwa wa Wisconsin walikuwa wameazima panga kutoka ghala la wenye watumwa.

Kusini nako kulikuwa na kioja chake. South Carolina ilipojitenga, Desemba 1860, ilitoa tamko la kueleza sababu. Mtu aliyefundishwa kwamba vita vile vilipiganwa kwa ajili ya haki za majimbo, akilisoma tamko hilo atashangaa: lalalamika kwamba majimbo ya kaskazini yametumia mamlaka yao kuizuia sheria ya shirikisho. Yanatajwa kwa majina, na Wisconsin imo. Shirikisho lililaumiwa kwa kushindwa kuyatiisha majimbo. Jimbo lililokuwa likipiga kelele kwa miaka 30 kwamba kila jimbo ni bwana nyumbani kwake, halikustahimili kuona jimbo jingine linakuwa bwana nyumbani kwake. Huo haukuwa usahaulifu. Haki za majimbo zilikuwa kanzu ya kuvaa na kuvua, na mwili uliovaa ni ule ule.

Karibu miaka 100 baada ya hukumu ya Taney kanzu ilikuwa bado inavaliwa. Mwaka 1954 Mahakama ya Juu ya shirikisho iliamua kwamba kuwatenga watoto katika skuli za serikali kwa rangi zao ni kinyume cha katiba. Mwezi Septemba 1957 wanafunzi tisa weusi walikuwa waanze masomo katika skuli ya Central High ya Little Rock, Arkansas. Gavana Orval Faubus akaweka askari wa akiba wa jimbo kuizunguka. Asubuhi ya tarehe 4 Elizabeth Eckford, msichana wa miaka 15, alifika peke yake kwa sababu habari za kukutana na wenzake hazikumfikia. Aliwaona askari wakiwapisha watoto weupe. Alipokaribia yeye, wakazuia njia kwa bunduki, akageuka, na kundi la watu likamfuata nyuma likimtukana hadi kituo cha basi, akakaa pale kwenye benchi kungojea. Picha za asubuhi ile zimezunguka dunia: gauni jeupe, miwani meusi, daftari kifuani.

Tarehe 24 Septemba Rais Eisenhower, ambaye hakuwa na hamu kubwa na jambo lenyewe, aliwatia askari wa Arkansas chini ya amri ya shirikisho na akapeleka askari wapatao 1,000 wa Divisheni ya 101. Kesho yake watoto wale tisa waliingia darasani baina ya safu za askari. Mwanajeshi wa akiba aliyeamrishwa na gavana mapema mwezi ule awazuie watoto, aliweza kujikuta kabla mwezi haujaisha ameamrishwa na Rais awalinde watoto walewale. Yeye hakubadilika, wala bunduki yake. Iliyobadilika ni serikali iliyomwamrisha.

Kesi ya Little Rock ilipofika Washington, waliotetea haki ya watoto waliongozwa na Thurgood Marshall. Hukumu ilitolewa Septemba 1958, nayo ilitiwa sahihi na majaji wote tisa mmoja mmoja, jambo ambalo si la kawaida. Walisema kwamba gavana na baraza la jimbo hawana uwezo wa kuitangua katiba kama ilivyofasiriwa na Mahakama. Hoja kama hiyo huhitaji mhenga wa kuitegemeza, na majaji walipotazama nyuma walimkuta, pamoja na wengine, Roger Taney. Wakanukuu hukumu ile ya mwaka 1859. Kauli iliyomrudisha jela mtu aliyesaidia kumfungulia mtumwa ikaja kusimama mbele ya mlango wa skuli, ikiwafungulia wajukuu wa watumwa. Anayetaka kuamua kwa jumla kwamba shirikisho ndilo la haki au majimbo ndiyo ya haki, aanze kwa kuiweka jioni ya Milwaukee kando ya asubuhi ya Little Rock, kisha aseme ni upande upi angeutaka ushinde kote kuwili.

Faubus alijibu kwa kuzifunga skuli za sekondari za mji kwa mwaka mzima wa masomo, 1958 hadi 1959. Weupe na weusi wote wakafungiwa milango ya skuli hizo.

Baina ya kutii na kukaidi ipo njia ya tatu, nayo ilichongwa na utumwa vilevile. Mwaka 1837 mwanamke aitwaye Margaret Morgan alichukuliwa na watoto wake kutoka Pennsylvania kupelekwa Maryland kama watumwa, ingawa aliishi miaka yote kama mtu huru na mmoja kati ya watoto alizaliwa Pennsylvania. Jimbo lilimshitaki mmoja wa waliomteka. Mwaka 1842 Mahakama ya Juu ikamwachia mtekaji huyo na kuitangua sheria ya Pennsylvania. Lakini Jaji Joseph Story aliandika ndani ya hukumu hiyohiyo kwamba kazi ya kuwarejesha watoro ni ya shirikisho, na majimbo hayawezi kulazimishwa kuifanya. Sheria ile ya Massachusetts ya mwaka uliofuata ilipita katika mwanya huo: hatuwazuii, ila askari wetu, jela zetu na mahakimu wetu hamtawatumia.

Mwanya haujazibwa. Mwaka 1997 Mahakama iliamua kwamba shirikisho haliwezi kuwaamrisha wakuu wa polisi wa wilaya wawachunguze wanunuzi wa bunduki, na mwaka 2018 ikarejea kanuni hiyo katika kesi ya kamari ya michezo ya New Jersey. Wapenda bunduki walifurahia ya kwanza. Miji na majimbo yanayokataa kuwatumia polisi wao kuwashika wahamiaji kwa niaba ya Washington huitegemea kanuni hiyohiyo leo. Anayevuka kutoka kukataa kusaidia hadi kutangaza sheria kuwa batili, huyo hukutana na Taney. Missouri, jimbo alilolikimbia Glover, ilitunga mwaka 2021 sheria ya kuzitangaza baadhi ya sheria za bunduki za shirikisho kuwa batili ndani ya mipaka yake. Mahakama za shirikisho ziliitangua.

Booth alikamatwa tena Machi 1860, akafungwa katika jengo la forodha la shirikisho mjini Milwaukee, akatoroshwa na rafiki zake mwezi Agosti, akakamatwa Oktoba, na akasamehewa na Rais Buchanan siku chache za mwisho kabla Lincoln hajashika madaraka Machi 1861. Garland naye alikuwa amemdai mahakamani thamani ya mtumwa wake, akashinda, na mtambo wa kuchapia gazeti ukauzwa kulipia deni. Glover aliishi magharibi ya Toronto, akafanya kazi za shamba na za nyumba ya wageni, akaoa, akafariki mwaka 1888 katika nyumba ya maskini.

Ama hukumu ya Taney, hati zake zilipelekwa Wisconsin ziandikishwe, kama ilivyo desturi, ili mahakama ya jimbo ikiri kwamba imeshindwa. Suala hilo lilisikilizwa mwaka uleule wa 1859. Mahakimu walikuwa watatu. Byron Paine, yule wakili kijana, alikuwa amekwisha kuchaguliwa kuwa hakimu, akajitoa kwa kuwa alimtetea Booth. Wakabaki wawili: Luther Dixon akasema ziandikishwe, Orsamus Cole akasema zisiandikishwe. Kura zikalingana, ombi likaanguka. Mpaka leo hati hizo hazijaandikishwa.